Bahari Hupimwa kwa Miguu

Ukitaka kuiona ramani ya bahari ikizaliwa, vuka kivuko cha Likoni, pita Ukunda, shika barabara ya Msambweni, na kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Mombasa kata kushoto uingie Gazi. Nenda siku za bamvua. Siku hizo maji hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na yanapokupwa ghuba hubaki wazi: tope jeusi, mizizi, vidimbwi, kaa wanaokimbilia mashimoni. Hapo kati utakuta watu wachache wamezama hadi magotini. Wana kamba, futi ya kitambaa kama ya fundi cherehani, ubao wa kuandikia na penseli. Penseli ina sababu yake: wino ukiguswa na maji ya chumvi huondoka, na kazi ya asubuhi nzima huondoka nao.

Wana saa tatu, wakijaliwa nne. Maji yakigeuka hayamngoji mtu amalize mstari. Katika muda huo huzungusha kamba kufanya mraba wa mita 10 kwa mita 10, na kila mti uliomo ndani hutajwa jina na kupimwa: mkoko, mkandaa, mchu, mlilana, muia, mkomafi. Mmoja hupima, huita namba kwa sauti. Anayeandika huirudia kabla ya kuiandika, maana upepo wa kusi hubeba maneno na “kumi na tatu” huweza kufika sikioni ikiwa “kumi na tano”. Mti wa bara hupimwa shina lake kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko hauwezi kupimwa hivyo, kwa kuwa husimama juu ya mizizi iliyopinda kama matao ya msikiti, na kwenye kimo cha kifua mara nyingi hakuna shina bado. Basi hutafutwa mzizi ulio juu kuliko yote, huhesabiwa sentimita 30 kutoka hapo, ndipo futi huzungushwa.

Kisha huhesabiwa visiki. Hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoiheshimu zaidi, na nitaeleza kwa nini. Kwanza lakini ieleweke mti wa matopeni unapimwa hivi kwa ajili ya nini.

Ghuba ya Gazi imekingwa na rasi ya Chale upande wa mashariki na mwamba wa matumbawe upande wa kusini. Mito miwili, Kidogoweni na Mkurumudzi, huingiza humo maji baridi kutoka bara. Katika pembe hiyo iliyotulia mikoko ilistawi kwa karne nyingi, na kwa karne nyingi ikakatwa kwa kiasi: fito na boriti za nyumba, nguzo, kuni za kupikia. Miaka ya 1970 ukataji ukabadilika sura. Miti ilikatwa kwa wingi ikawa kuni za matanuri ya chokaa na matofali, na sehemu nzima za ufuo zikabaki tupu. Wengi walitazamia mikoko ingerudi yenyewe, kama ilivyozoea kurudi. Haikurudi. Mawimbi yalifagia mbegu, mchanga ukahama, jua likakausha tope, na miaka ikapita pale pakiwa peupe.

Mwaka 1991 upandaji ulianza, ukiongozwa na watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, pamoja na wanakijiji. Ninasema “upandaji”, lakini kwa kweli ulikuwa utafiti tangu siku ya kwanza. Ilibidi kujua ni mti gani unastahimili maji ya kina gani, udongo upi una chumvi kupita kiasi, miche isimame kwa umbali gani. Aliyepanda mkandaa mahali pa mlilana alipoteza miche yake yote. Dakta James Kairo, ambaye jina lake limeambatana na mikoko ya Kenya kwa zaidi ya miaka thelathini, ni mmoja wa waliorudi kwenye matope yale mwaka baada ya mwaka kupima kilichopandwa.

Vipimo hivyo vya miaka mingi ndivyo vilivyozaa Mikoko Pamoja. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza kuuza kaboni inayohifadhiwa na mikoko yao, kwa kufuata viwango vya Plan Vivo. Ulikuwa mradi wa kwanza duniani wa jamii kujipatia fedha namna hiyo kutokana na mikoko. Eneo lenyewe ni dogo, hekta 117. Makubaliano ni ya miaka 20, na kiasi kinachouzwa ni takribani tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Fedha zimeleta maji ya bomba, vitabu na ukarabati wa madarasa. Wanakijiji huamua wenyewe kwenye mikutano zitumike wapi, na kamati wanayoichagua ndiyo huisimamia kazi. Mwaka 2017 mradi ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Habari hiyo imeandikwa mara nyingi, na kwa haki. Kisichoandikwa sana ni kwamba hakuna anayenunua mti wa Gazi. Kinachonunuliwa ni namba. Mtu wa mbali ambaye hatauona mkoko maisha yake yote hulipa kwa kuwa ameamini kipimo kilichochukuliwa na mtu aliyesimama matopeni na futi ya kitambaa. Futi ikiwekwa vibaya, au anayeandika akakisia kwa kuchoka, kinachopotea ni bomba la maji la Makongeni. Kwangu mimi hili limeubadilisha utafiti wa mazingira kabisa. Tumezoea kuuona kama shughuli ya wasomi inayoishia kwenye ripoti. Pale Gazi ni kazi ya mkono, ina fundi na kibarua, na uaminifu wake huonekana kwenye mfereji wa maji wa kijiji.

Sehemu kubwa ya kaboni yenyewe haimo kwenye shina wala majani. Imo chini, kwenye tope. Majani yanayoanguka na mizizi inayokufa huzikwa kwenye udongo usio na hewa, haviozi kama vinavyooza shambani, na hukaa humo kwa karne. Ili kuijua, watafiti hudidimiza bomba la chuma ardhini, hulitoa na udongo wake umejipanga tabaka kwa tabaka kama keki, hukata vipande, huvikausha, huvipima uzito, huvichoma kwenye tanuri na kuvipima tena. Kilichopungua ndicho kilichokuwa na uhai zamani. Kazi hiyo haina picha nzuri ya kuweka gazetini, lakini bila hiyo sehemu kubwa ya thamani ya msitu isingejulikana.

Nirudi kwenye ramani. Neno lenyewe tumelipata baharini. Manahodha wa Bahari ya Hindi walikuwa na vitabu vya safari vilivyoitwa rahmani, vyenye nyota, pepo, bandari na miamba ya kuepuka, na ramani yetu ni ya ukoo huo. Mzee aliyekuwa akitia bildi, ile risasi iliyofungwa kamba, na kuhesabu kina kwa pima za mikono yake alikuwa anachora kitu kichwani, ingawa hakuwa na karatasi. Alijua fungu gani huhama na kaskazi, mlango gani hupitika kwa maji makuu pekee, na mwamba upi huvunja jahazi lililochelewa.

Karatasi zikaja na wengine. Kati ya 1822 na 1826 nahodha Mwingereza William Owen, akiwa na meli za Leven na Barracouta, alipima pwani ya Afrika ya Mashariki kipande kwa kipande. Homa iliua mabaharia wake wengi mno. Alipofika Mombasa Februari 1824 akayakubali maombi ya watawala wake, Wamazrui, akaiweka chini ya ulinzi wa Uingereza bila idhini ya London, na ulinzi huo haukumaliza miaka mitatu. Mwaka 1837 Sayyid Said wa Omani akaitwaa Mombasa, na tawi moja la Wamazrui likaja kukaa Gazi. Nyumba ya Sheikh Mbaruk wa ukoo huo bado ipo hapo kijijini na watoto wamesomeshwa ndani yake. Kwa hiyo Gazi inayojulikana leo na wataalamu wa kaboni iliwahi kuguswa, kwa mbali, na mchora ramani mwingine. Ramani za Owen zilikuwa za meli: kina, nanga, alama za kuingilia bandarini. Ufuo ulikuwa mstari, na ndani ya mstari hapakuwa na kitu. Tafi hutaga wapi, maji baridi huibukia wapi chini ya mchanga, kamba wadogo hukulia kwenye hori gani, hayo hayakumhusu aliyetaka tu asigonge mwamba.

Nasi tumeyarithi mazoea hayo kuliko tunavyokiri. Hata leo ramani nyingi za pwani yetu huonyesha bara kwa rangi na bahari kwa buluu tupu.

Setilaiti zimekuja kujaza ile buluu, na sitazidharau. Picha za Landsat zinarudi nyuma hadi 1972, na tangu 2008 yeyote mwenye intaneti anaweza kuzichukua bure. Sentinel-2 za Ulaya, zilizoanza kurushwa 2015, zina macho makali zaidi. Kwa picha hizo Kenya imeweza kuhesabu mikoko yake yote: mpango wa taifa wa mikoko wa 2017 hadi 2027 unataja hekta 61,271, zaidi ya nusu zikiwa Lamu. Hakuna kikosi cha watu wa miguu ambacho kingeweza kuizunguka Lamu yote, hori kwa hori, kwa mwaka mmoja.

Lakini tuhesabu pamoja. Nukta moja ya picha ya Landsat ni mita 30 kwa 30, yaani mita 900 za mraba. Nukta ya Sentinel ni mita 10 kwa 10. Sasa mchukue mkataji wa miti. Haingii msituni kufyeka. Anachagua. Anataka boriti zilizonyooka, zenye unene mmoja, na anazihesabu kwa korija, ishirini ishirini. Akitoa korija moja kwenye robo hekta, matawi ya miti iliyobaki hufunika pengo, na kutoka juu msitu unaonekana kijani vilevile. Mwaka unaofuata anatoa nguzo, mwaka wa tatu pau. Picha bado ni ya kijani. Mwisho hubaki miti iliyopinda na vichaka, msitu usio na boriti hata moja wala mti mama mzuri wa kudondosha mbegu, na ramani inaendelea kusema hekta hazijapungua.

Ndiyo maana ninaiheshimu kazi ya kuhesabu visiki. Kisiki hukaa miaka. Unene wake unasema kilichukuliwa nini, rangi ya mkato inasema kilichukuliwa lini, na anayejua msitu atasema hata kama ni panga au msumeno. Setilaiti haiwezi kusoma hayo. Tangu 1982 Kenya imekataza kupeleka boriti nje, biashara iliyokuwa ikibeba majahazi ya Lamu hadi Arabuni, lakini soko la ndani halikufa, na nyumba za pwani bado zinahitaji mti. Mikoko Pamoja ililitambua hili mapema. Sehemu ya mpango wake ni kupanda mivinje ili watu wapate kuni na fito mahali pengine. Bila mivinje, ulinzi wa Gazi ungehamishia panga kwenye msitu wa jirani tu, na kwenye hesabu ya jumla ya pwani pasingekuwa na faida yoyote.

Mbele ya mikoko, maji yanapoanza kuwa ya magotini, kuna kitu kigumu zaidi kukichora: nyasi za bahari. Watu wengi huzichanganya na mwani. Nyasi hizi zina mizizi, zina maua, na Gazi pekee ina aina kama 12. Ng’ombe wake ni tafi na kasa, na nguva pale anapopatikana bado. Zikipigwa picha kutoka juu maji yakiwa yamejaa hazionekani. Zikipigwa baada ya mvua, mto ukiwa umetapika udongo, hazionekani. Jua likiwa pembe mbaya, maji hung’aa kama bati na picha hutupwa. Kwa hiyo mtafiti huketi na kalenda ya maji, kalenda ya mvua na ratiba ya setilaiti, akitafuta siku moja ambayo zote tatu zinakubaliana. Zikishakubaliana, bado atahitaji mtu wa kuzamia na kifremu cha mraba, nusu mita kwa nusu mita, kukiangusha chini na kuhesabu machipukizi mkono kwa mkono. Kipande kinachoonekana cheusi kwenye picha huweza kuwa nyasi nene, huweza kuwa mwamba, huweza kuwa majani yaliyokufa yaliyokusanywa na mkondo.

Upande wa kaskazini ya Gazi, kati ya Diani na Chale, nyasi hizi zilipungua vibaya. Waliotazama picha tu wangeweza kudhani ni joto au uchafu. Waliozamia walikuta nungunungu wa bahari, wale wanyama wa mviringo wenye miiba, wamejaa na wanakula nyasi hadi shina. Kwa nini wamekuwa wengi hivyo? Kwa sababu anayewala ni kikande, na kikande amevuliwa akaadimika. Timothy McClanahan na wenzake wameonyesha kwa miaka mingi kwamba ndani ya hifadhi za bahari, ambako samaki hawavuliwi, wanyama hao wa miiba ni wachache, na nje ya hifadhi ni wengi mno. Ramani ya nyasi pekee ingekuonyesha jeraha. Ili kuujua ugonjwa ilibidi ramani ya nyasi ilazwe juu ya ramani ya uvuvi, na ile ya uvuvi haimo kwenye setilaiti yoyote. Imo vichwani mwa watu wa madema na nyavu.

Mito nayo huleta yake. Kinachofanywa juu ya Mkurumudzi, kwenye mashamba ya miwa, kwenye vilima vinavyolimwa, kwenye eneo la mgodi wa madini ya mchanga uliomaliza kazi mwishoni mwa 2024, huteremka hadi Gazi kama udongo, kama mbolea, au kama maji yaliyopungua. Mikoko huchuja kiasi chake. Ikizidiwa hufa, kama ilivyokufa Mwache, nyuma ya Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipoishusha ardhi ya bara na kuifukia mizizi isiweze kupumua. Nani basi anasimamia maji ya ghuba? Mto una mamlaka yake, msitu una shirika lake, uvuvi una idara yake, wanyamapori wana yao, na kaunti ina sheria zake. Kila ofisi ina ramani, na mipaka yao haikutani. Mtu anayekusanya takwimu za pwani hutumia nusu ya mwaka wake kubisha hodi akiomba mafaili ambayo yangepaswa kukaa kabati moja.

Mvuvi hana shida hiyo, kwa kuwa kwake mto, mkoko, nyasi na mwamba ni mahali pamoja. Na hapa ndipo kwenye jambo ambalo nimelibeba moyoni kwa miaka. Nimekulia pwani, nimeona watafiti wakija. Wengine walikuwa watu wema sana. Walikaa kivulini na wazee, wakauliza majina ya mafungu na milango, wakauliza pweza hupatikana wapi, wakanywa kahawa, wakashukuru, wakaondoka. Tuliwaambia yote. Sikumbuki hata mmoja aliyerudi na karatasi kutuonyesha alichora nini. Miaka baadaye nikaona kwenye chapisho fulani ramani ya maji tuliyozaliwa nayo, na kwenye lile fungu ambalo babu alilitaja jina kila alfajiri pameandikwa herufi na tarakimu.

Jina la fungu si pambo. Mara nyingi ni maelezo ya kitaalamu yaliyofupishwa: hapa mkondo hugeuka, hapa maji ni baridi, hapa palikuwa na kasa. Jina likibaki wakati kasa hawapo, hilo lenyewe ni takwimu, tena ya zamani kuliko Landsat. Kilomita chache kaskazini ya Gazi, wazee wa Kaya Kinondo wameutunza msitu wao kwa mipaka waliyoijua bila ramani, na mwaka 2008 makaya ya Wamijikenda yakaingizwa kwenye urithi wa dunia. Hakuna mtu aliyehitaji kuwaonyesha picha kutoka angani ili wajue msitu unaanzia wapi.

Kuna hatari ya pili, kinyume cha hiyo. Ukimpa mvuvi karatasi na penseli akuchoree anapovua, na wewe ukaichapisha, umeyatoa mashimo ya pweza na matazalio ya samaki kwa kila mwenye boti ya injini na simu. Siri ya mvuvi ni akiba yake. Naamini kila mradi wa ramani ungepaswa kuamua na kijiji, kabla ya mstari wa kwanza, ni tabaka gani litaonekana na watu wote, ni lipi litabaki kwa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, na kamati ya kijiji, na ni lipi halitachorwa kabisa. Mtafiti atakayeona hilo linampunguzia matokeo yake akumbuke kwamba hao ndio watakaoishi na matokeo.

Pale ambapo wavuvi wenyewe wameshika penseli, mambo yameenda tofauti. Kuruwitu, Kilifi, wavuvi waliamua mwanzoni mwa miaka ya 2000 kufunga hekta kama 30 za maji yao, wakazitengea samaki pa kuzaliana. Tengefu hiyo ni ndogo kuliko mashamba mengi ya bara, lakini mpaka wake unajulikana na kila mtoto wa ufuoni kwa sababu baba zao walibishana wapi ukae. Hifadhi kubwa zina kazi ngumu zaidi. Ile ya Mafia, ya kwanza ya bahari nchini Tanzania, ilianzishwa 1995 ikiwa na kilomita za mraba 822, nayo imegawanywa kwa kanda: mahali pasipovuliwa, mahali pa uvuvi wenye masharti, mahali pa wote. Mstari kama huo ni rahisi kuchora kwenye karatasi. Kwenye maji, usiku, ndani ya ngalawa isiyo na chombo chochote, ni boya lililopotea au halipo. Ramani ya uhifadhi ambayo haikuweka bajeti ya maboya na ya kuyarudisha yakikatika bado haijamalizika.

Na ramani huzeeka. Delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote katika Afrika ya Mashariki, iliona mkondo mkuu wa mto ukihamia upande wa kaskazini tangu miaka ya 1970. Maji baridi yakaingia palipokuwa na chumvi, mpunga ukawezekana palipokuwa na mikoko, na watu wakalima. Atakayekwenda Rufiji na ramani ya zamani atamwita mkulima mharibifu bila kujua kwamba mto ndio uliotangulia kubadilika.

Haya yote yanarudi kwenye fedha na muda, na hapa wafadhili wetu, wa ndani na wa nje, wanapaswa kusikiliza. Miradi mingi ya utafiti hulipiwa miaka miwili au mitatu. Mkoko katika miaka mitatu bado ni fimbo. Nyasi za bahari zilizong’olewa huchukua miaka mingi kurudi, na huenda zisirudi. Mtafiti hupata fedha za kupima kitu kipya na hukosa za kupima tena kilekile, ingawa kipimo cha pili ndicho kinachosema ukweli. Kipimo cha kwanza kinakuambia mti una unene gani. Cha pili, kutoka mti uleule, mahali palepale, kinakuambia kama dunia inaenda mbele au nyuma. Gazi imefika ilipofika kwa kuwa kulikuwa na watu waliorudi tangu 1991, mradi ukiwa na fedha au ukiwa hauna.

Kurudi huko kuna ufundi wake. Kibati chenye namba hufungwa kwenye mti kwa waya uliolegea, la sivyo shina likinenepa hukabwa. Vigingi vya kona za mraba hutaka kukaguliwa kila bamvua, maana tope huvimeza na watu huvichukua. Daftari hupigwa picha jioni ileile, na nakala hukaa nyumba mbili tofauti. Vijana wa kijiji wanaojua kutambua mkandaa gizani hutaka kulipwa kama mafundi, maana ndivyo walivyo, na majina yao yaandikwe kwenye daftari pamoja na namba walizozichukua. Matokeo yasomwe kwenye baraza, kwa Kiswahili na Kidigo, na wasomaji wakubali kusahihishwa na kina mama wanaookota tondo, ambao hutembea kwenye tope lile mara nyingi kuliko mtafiti yeyote.

Mfano wa Gazi umeshavuka ghuba. Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, pamoja na Jimbo na Kiwegu, wameanzisha wao wa hekta 460, karibu mara nne ya hizi 117. Watahitaji miraba zaidi, visiki zaidi vya kuhesabu, watu zaidi wa kuita namba kwa sauti juu ya upepo wa kusi.

Makubaliano ya miaka 20 ya Mikoko Pamoja yatafika ukingoni 2033. Mikoko iliyopandwa 1991 itakuwa na miaka 42 wakati huo, na baadhi yake itakuwa imedondosha mbegu za mbegu zake. Itakapofika siku ya kuketi upya na kujadili, natamani madaftari yote ya penseli, tangu la kwanza, yawe kijijini Gazi, kwenye kabati lenye ufunguo unaokaa kijijini, na aliyezaliwa mwaka ambao fedha za kwanza ziliingia aweze kufungua ukurasa, kusoma namba ya mti, kuvua viatu, na kwenda kuutafuta maji yakipwa.